Dakika Arobaini na Mbili za Bi Mwatumu

Haya, sogeeni karibu, lakini msizime kitu. Kama feni inazunguka, iacheni izunguke. Kama jirani anasaga mahindi, mwacheni asage. Nitapaza sauti. Habari yenyewe imetoka katika nchi ambayo jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja pamoja na vyeo vyake vyote huchukua robo saa, na nyinyi mna kazi zenu. Ni nchi ya mbali sana, hamuijui. Mkiona kitu kinafanana na cha kwenu, basi ni macho yenu tu.

Nchi hiyo ina adabu, jamani! Huko, mkubwa akifungua mdomo, kila kinachovuma huzimwa. Sheria yenyewe inaitwa Itifaki ya Utulivu, na inafuatwa kuliko sheria ya wizi. Mkuu wa wilaya akisimama sokoni aseme neno, mashine za kusaga zinanyamaza, feni zinasimama, majokofu ya wauza samaki yanachomolewa, na mama mwenye mtoto anayelia anasindikizwa nje yeye na mtoto wake. Samaki wameoza mara nyingi kwa ajili ya heshima. Hakuna aliyelalamika, maana malalamiko nayo huvuma.

Si kila mtu huzimiwa, msidhani. Kuna madaraja. Watumishi wa daraja la kwanza hadi la tano husema juu ya kelele kama sisi wengine. Kuanzia la sita, unasikilizwa.

Mwatumu Kidawa alikuwa daraja la nne. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwembamba, mwenye miwani, aliyesomea takwimu na kuzipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Ukimwambia leo kuna joto, atakuuliza kuliko siku ngapi. Mchapakazi, mkweli, mwenye haya. Kasoro yake ilikuwa moja tu: tangu azaliwe hakuwahi kupigiwa makofi. Mimi simcheki. Nyinyi mlipigiwa lini mara ya mwisho?

*

Alipelekwa Kiwanda cha Taifa cha Penisilini, na huko ndiko mambo yalikoanzia.

Niwaeleze kidogo kazi ya kiwanda hicho, si ngumu. Unachukua ukungu, ndugu wa ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Unautia kwenye tangi refu kama nyumba ya ghorofa mbili, lenye maji na molasi na mbolea yake. Chini ya tangi unapuliza hewa kwa kompresa, usiku na mchana, siku sita. Ukungu unakula, unapumua, unanenepa, na ukishiba unatoa dawa. Kisha unachuja, unakausha, unajaza vichupa, na mtu mwenye nimonia anapona. Tangi moja zamani lilitoa dozi elfu ishirini. Miaka mitatu sasa lilikuwa linatoa elfu nane, mara elfu sita, na hospitali zilikuwa zinagawiana vichupa kama pipi za sikukuu.

Serikali haikukaa bure. Matangi yalipakwa rangi za bendera. Kiwanda kilizinduliwa upya mara tatu. Viongozi walikuja kila wiki kutia moyo. Dawa ikazidi kupungua, wala hakuna aliyejua kwa nini. Ndipo ukatangazwa Mwaka wa Takwimu, na Mwatumu akaletwa na kompyuta yake.

Mkurugenzi, Dakta Kilemile, alimpokea mbele ya matangi. Alikuwa mtu mnene, mkarimu, wa daraja la nane. Mwatumu alipoingia, kelele ya kompresa ilikuwa inatetemesha hata miwani yake. Mkurugenzi akakohoa, mtu fulani akabonyeza swichi, kukawa kimya.

"Bi Mchanganuzi," akasema Dakta Kilemile, "taifa limekuwa likipika dawa kwa mkono. Sasa litapika kwa namba. Na namba, Bi Mchanganuzi, ni… ni namba!"

Wasaidizi wake wawili wakapiga makofi.

"Mtafute anayetuhujumu. Mimi namshuku ukungu mwenyewe. Asili yake si ya hapa."

Akaendelea dakika ishirini na tano. Mwatumu alishukuru kwa ule ukimya, maana alisikia kila neno. Hakuuliza aliyezima ni nani wala kilichozimwa ni nini.

*

Wiki mbili za kwanza alizimaliza ndani ya kabati la kumbukumbu rasmi. Kumbukumbu zilikuwa safi, zimeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza. Joto la tangi: nyuzi ishirini na tano. Kila saa, kila siku, miaka mitatu, ishirini na tano. Hata wiki ile kipimajoto kilipoibwa.

"Wiki hiyo mlipimaje?" Mwatumu alimuuliza karani.

"Kwa uzalendo," karani akamjibu.

Akaingiza namba zote kwenye kompyuta, akazilinganisha kwa kila njia aliyofundishwa. Kompyuta ikamwambia kwamba katika kiwanda hiki hakuna kinachobadilika isipokuwa dawa. Mwatumu akashika kichwa.

Aliyemtoa kwenye shimo hilo ni Dadi Makame, mwendesha matangi. Daraja la pili, miaka kumi na tisa kazini, mtu wa masikhara, mikono imeungua molasi. Mchana mmoja alimkuta Mwatumu amekaa peke yake kwenye ngazi ya tangi namba nne, hana chakula wala raha. Akafungua hotipoti yake. Mbaazi za nazi na mahamri matatu.

"Kula, dada. Namba hazishibishi."

"Kapika nani hizi?"

"Mwanahawa, mke wangu."

Mwatumu akaonja, akafumba macho. "Mwambie wifi yangu mkono wake una dawa kuliko kiwanda hiki chote."

Salamu zilifika. Kesho yake hotipoti ilikuja na mahamri manne, la nne la dada wa takwimu, na ikawa hivyo kila siku. Hawakuwahi kuonana, Mwatumu na Mwanahawa, lakini wakawa mawifi kwa njia ya hamri.

Siku ya tano Dadi akamwuliza, "Hivi wewe, dada, unatafuta ukweli au unatafuta ripoti? Maana ripoti ziko kabatini."

"Ukweli, kaka Dadi."

Dadi akatazama huku na huku. Akatoa chini ya shati daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani alikuwa amepiga mistari kwa rula: saa, joto, hewa, kompresa, mgeni, dakika. Miaka mitatu ya kila tangi, kwa penseli, na joto lilikuwa linapanda na kushuka kama joto la kweli.

"Hii safu ya mgeni ni ya nini?"

"Kila mkubwa akija kuhutubia, naambiwa nizime kompresa. Siku moja wataniuliza kwa nini nilizima. Nataka niwe na jibu." Akalishikilia daftari kidogo kabla ya kumwachia. "Nisikilize lakini. Ukiubeba huu ukweli, ubebe mpaka mwisho. Usiutue njiani ukaniachia mimi."

"Haki ya Mungu, kaka Dadi, sitautua."

*

Ilimchukua siku tatu kuchapa namba zote. Ya nne, saa tano asubuhi, mstari ukajichora kwenye kioo cha kompyuta.

Chini, dakika za hotuba. Pembeni, dozi za dawa. Nukta zilikuwa zinateremka kutoka kushoto kwenda kulia kama watu wanaoshuka ngazi. Kila robo saa ya hotuba ilikuwa inameza dozi elfu tatu na ushee. Ikizidi nusu saa, ukungu ulikuwa umeshakabwa, na hata ukiurudishia hewa haukupata tena nguvu zake. Na ulikuwepo mwezi mmoja, ule wa mafuriko, daraja lilipokatika na magari ya wakubwa yakashindwa kupita. Wafanyakazi walivuka kwa miguu, wageni hawakuja, na kila tangi likatoa dozi elfu ishirini kama zamani. Ripoti rasmi ilisema mwezi huo ulifanikiwa kwa sababu ya hotuba ya Mwaka Mpya.

Mwatumu alicheka peke yake ofisini. Kumbe ni hili tu! Hakihitajiki chombo kipya wala mtaalamu kutoka nje. Aliandika ukurasa mmoja wenye pendekezo moja: *Wageni wahutubie getini.* Akachapa grafu, akajitengeneza kilemba, akaenda kwa Mkurugenzi karibu anakimbia.

Dakta Kilemile aliitazama grafu muda mrefu.

"Huu mstari unakwenda wapi?"

"Unashuka, Mheshimiwa."

"Ndani ya ofisi yangu?"

"Mheshimiwa, ukizima kompresa, ukungu unakosa—"

"Bi Mchanganuzi. Katika nchi hii mistari haishuki. Mwaka juzi mstari wa mvua ulishuka, tukamhamisha aliyeuchora." Alisema kwa upole kabisa, kama baba. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akaigeuza karatasi mgongo kwa mbele, akaiinua kwenye mwanga. Alipogeuka, macho yake yalikuwa na machozi, na yalikuwa machozi ya kweli.

"Kumbe uliileta kinyume!" akasema. "Njoo uone!"

Mwatumu akaenda akaona. Kwa upande wa nyuma, mstari ule ule ulikuwa unapanda, kutoka kushoto kwenda kulia, mzuri, umenyooka. Maneno tu ndiyo yaliyosomeka kinyumenyume.

"Maneno yataandikwa upya," akasema Mkurugenzi. "Hotuba zikiongezeka, dawa inaongezeka! Nilijua. Moyoni siku zote nilijua kwamba tunafanya kitu. Waziri lazima alisikie hili, na atalisikia kwako wewe mwenyewe, mbele ya tangi namba nne."

"Lakini Mheshimiwa…"

"Na huwezi kusimama mbele ya Waziri ukiwa daraja la nne. Kuanzia leo wewe ni Mchanganuzi Mkuu. Daraja la saba."

Hapo ndipo pa kutega sikio. Mdomo wa Mwatumu ulikuwa wazi. Ukweli ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, umebaki kutoka tu. Akaufunga mdomo, akaufungua tena.

"Sawa, Mheshimiwa."

Nimeulizia sana kama alisema kitu kingine siku ile. Hakusema. Njiani alijiambia kwamba akifika daraja la saba ndipo atasikilizwa vizuri, na hapo ataueleza ukweli wote. Alijiambia hivyo mara nne, na kila mara sauti ilikuwa inapungua.

*

Ulikuwa msimu wa baridi. Kule milimani nimonia ilikuwa imeingia nyumba kwa nyumba, na hospitali zote zilikuwa zinalisubiri tangi namba nne. Mwanahawa naye alianza na kikohozi. Siku moja hotipoti haikuja. Ya pili haikuja. Ya tatu Dadi alimfuata Mwatumu ofisini, macho mekundu.

"Wifi yako amelazwa hospitali ya wilaya. Kifua chote kimejaa. Wanampa nusu dozi, wanasema zikifika nyingine watamkamilishia."

"Pole, kaka Dadi. Pole sana."

"Lakini nisikilize." Akasogea karibu. "Namba nne ina siku tatu haijazimwa hata mara moja. Siku tatu, dada! Limenona hilo tangi, sijaliona hivyo tangu mafuriko. Likiachwa hizi tatu zilizobaki, linatoa elfu ishirini, na dozi ya Mwanahawa imo. Umeshawaambia lakini?"

"Nimewasilisha," akasema Mwatumu.

"Wakasemaje?"

"Wamelipokea vizuri sana."

Haukuwa uongo, mkilitazama neno kwa neno. Dadi akamshika mkono kwa mikono yake miwili iliyoungua molasi, akalia mbele yake mtu mzima yule. "Mungu akuweke, dada yangu. Mungu akuweke." Na Mwatumu akaipokea ile dua. Akaipokea akijua. Dadi alipotoka, alikaa kitini huku masikio yanamwaka moto kama aliyezabwa kofi, akatamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, maana alikuwa na hotuba ya kuandika.

Katika ukurasa wa saba wa hotuba hiyo aliandika sentensi moja kwa kalamu nyekundu: *Mheshimiwa Waziri, naomba kuisahihisha grafu hii.* Baada ya kuiandika alipata usingizi.

*

Waziri wa Afya, Uzalishaji na Makofi aliwasili kesho yake na magari kumi na moja. Na sikieni bahati. Waziri alikuwa amekaukiwa sauti! Alikuwa amehutubia mikoa mitano mfululizo, koo limekataa, daktari wake kamwambia apunge mkono tu. Dakta Kilemile alipoona hivyo, naye kwa adabu akaona asimzidi mkubwa wake, akasema sentensi tatu akaketi. Yaani siku ile, kati ya tangi namba nne na hewa yake, alibaki mtu mmoja tu.

Dadi alikuwa amesimama penye swichi, sare imepigwa pasi. Alizima saa nne na dakika tano. Nyuma ya meza kuu ilitundikwa grafu kubwa kama shuka, na mstari ulikuwa unapanda. Dadi aliitazama. Akamtazama Mwatumu. Akarudi kuitazama grafu, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake mwenyewe akashindwa kuona mlango.

Mwatumu akaanza.

Kwa mara ya kwanza maishani alisikia sauti yake bila kitu chini yake, wala feni, wala injini, wala kikohozi cha mtu. Ilikuwa sauti nzuri. Hakuwahi kujua. Alipotaja "takwimu" watu wakapiga makofi, alipotaja "uchachushaji" wakapiga zaidi kwa sababu hawakulielewa. Makofi yale yalimpanda miguuni, yakapita tumboni, yakamfika kichwani.

Dakika ya kumi alimwona Dadi amenyanyua mikono miwili, vidole vyote kumi. Nyuma yake, kwenye mita ya hewa, mshale ulikuwa umetoka kwenye kijani umeingia kwenye njano. Mwatumu aliuona vizuri, maana miwani yake ilikuwa mipya.

Akafika ukurasa wa saba. Wino mwekundu ukamkodolea macho. Akanyanyua uso, na Waziri alikuwa anatabasamu, anamtikisia kichwa, mkubwa mzima ameegemea mbele asikose neno lake.

Mwatumu akafunua kurasa mbili kwa pamoja, akaendelea kutoka wa tisa.

Dakika ya kumi na nane mshale uliingia kwenye nyekundu. Dadi akashusha mikono. Hakuna aliyemlazimisha Mwatumu kuendelea baada ya hapo, na hakuna aliyemlazimisha kurudia hitimisho mara mbili. Alimaliza dakika ya arobaini na mbili. Watu wote walisimama. Waziri alimpa mkono, akamnong'oneza kwa koo lililokauka, "Umetupa hewa mpya."

*

Tangi namba nne lilitoa dozi elfu tatu na mia moja. Ripoti ilisomwa kwa nyuma, ikaonekana ni mafanikio.

Mambo yakaenda mbio baada ya hapo. Ikatolewa amri kwamba kila tangi liwe na Mhutubu wa Kudumu, kwa zamu tatu, usiku na mchana. Vijana waliokosa kazi wakapata. Kompresa zikawa hazina shughuli, zikapelekwa makumbusho. Waendesha matangi wakapunguzwa, na wa kwanza alikuwa Dadi Makame, kwa kukutwa na daftari lisilo rasmi, ingawa lenyewe walimwachia kwa sababu halikuwa kwenye orodha ya mali. Zikachapwa kanga za kitaifa, grafu katikati imepanda kwelikweli, na chini yake jina: HOTUBA NDIYO HEWA YETU. Zikagawiwa bure wodi zote za wagonjwa, mahali pa vichupa.

Na Mwatumu? Alisikilizwa. Jamani, alisikilizwa! Akiingia saluni na kusema "hamjambo", vikausha nywele vyote vinazimwa na wanawake wanakaa na nywele mbichi mpaka amalize. Akiagiza juisi, mashine ya juisi inazimwa, na juisi haisagiki. Siku moja alikwenda kumwamkia mama yake, ambaye ni fundi cherehani. Alipotamka tu "shikamoo", mama yake akanyanyua miguu kwenye pedali.

"Mama, endelea kushona."

"Siwezi, mwanangu. Ni sheria."

"Hapa ni nyumbani."

"Ndiyo. Lakini jirani akisikia cherehani inalia nawe unaongea, atasema sikukulea."

Wakakaa wakitazamana juu ya nguo iliyoshonwa nusu. Mwatumu alitaka kumwambia mama yake kile alichokifanya, tangu mwanzo, kuanzia hamri la kwanza. Lakini mama yake alikuwa na nguo za watu za kumaliza kabla ya jioni, na kila neno lilikuwa linamchelewesha. Akaaga kwa mkono.

Siku hizo hizo akasikia kwamba Mwanahawa bado yuko wodini.

*

Alikwenda mchana, saa ya kutazama wagonjwa, bila dereva wala mlinzi. Alikuwa amepiga moyo konde. Atasema yote, na asipofukuzwa atapiga magoti aseme tena.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda vinane na mashine moja ya oksijeni, na mashine ile ilikuwa imefungwa kwa Mwanahawa, inavuma kandokando ya kitanda. Ndiyo mara ya kwanza Mwatumu anamwona. Mwanamke mdogo kuliko alivyomfikiria, mashavu yameingia ndani, bomba puani. Dadi alikuwa kwenye kigoda miguuni pake. Muuguzi alipoona beji ya daraja la saba, alisimama wima.

"Wifi yangu," Mwatumu akasema, "nimekuja kuku—"

Muuguzi akanyoosha mkono, akazima mashine.

Kukawa kimya kizuri kabisa. Katika kimya hicho kifua cha Mwanahawa kilisikika kinakwaruza, kikitafuta kitu na kukikosa. Dadi hakupiga kelele. Aliinua macho kwenye saa ya ukutani, midomo ikaanza kuhesabu.

"Washa!" Mwatumu akapiga ukelele. "Washa hiyo mashine!"

"Mheshimiwa," muuguzi akasema, "bado unazungumza."

"Nasema washa!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ukimaliza tu."

Mwatumu akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili. Akajiziba hivyo, anatazama swichi, machozi yanapita kwenye vidole. Muuguzi alingoja kidogo kuhakikisha hotuba imekwisha, kisha akawasha.

Ilichukua muda pumzi za Mwanahawa kurudi. Ziliporudi, alifungua macho. Yeye hakuwa na daraja, kwa hiyo aliweza kusema juu ya kelele kama sisi wengine.

"Ndiye yeye?" akamwuliza mumewe. "Wa hamri?"

"Ndiye," Dadi akasema.

Mwanahawa alikuwa amejifunika ile kanga ya taifa, lakini ameigeuza, ndani nje. Mstari ulikuwa unashuka kutoka begani hadi kwenye goti. Aliona Mwatumu anautazama.

"Dadi kaniambia hivi ndivyo inavyosomwa," akasema, akafumba macho tena.

Mwatumu alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa na mengi kifuani, yamejaa mpaka yanauma, na hakuna hata moja lililoweza kutoka bila kumkata mtu pumzi. Aibu ya kusema aliizoea kidogo siku zile za kujifunza hotuba. Hii ya kunyamaza alikuwa haijui. Akakaa sakafuni, na suti yake ya daraja la saba.

Dadi akainama chini ya kitanda. Palikuwa na hotipoti pale, tupu, imeoshwa, na juu yake lile daftari. Akalifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akaliweka mbele ya Mwatumu. Tangi namba nne. Saa nne na dakika tano. Kompresa: imezimwa. Dakika: arobaini na mbili. Safu ya mgeni ilikuwa wazi.

"Sikujua niandike nani, Mheshimiwa," Dadi akasema taratibu, wala hapakuwa na ukali ndani yake, afadhali ungekuwepo. "Kuna dada mmoja nilikuwa namjua, tulikuwa tunakula naye mbaazi. Sikupenda kuliweka jina lake hapa. Na wewe sikujui vizuri."

Akampa penseli.

Muuguzi akasogea karibu, mkono uko tayari kwenye swichi. "Mheshimiwa ana neno lolote la kufungia?"

Mwatumu akatikisa kichwa kukataa, akaendelea kukitikisa mpaka muuguzi akaondoa mkono. Kisha akaliweka daftari kwenye goti, akaandika jina lake, la baba na la babu, herufi moja moja. Daraja hakuandika. Mashine ikaendelea kuvuma.